Pijo Iliyovuliwa Viatu

Pijo ilikuwa imesimama juu ya mawe manne, haina hata gurudumu moja.

Inspekta Lazarus Opiyo aliizunguka mara mbili pale uani kwa Kinyanjui, mtaani Yamumbi. Gari hilo alilijua vizuri. Kila asubuhi lilimchukua binti yake, Apiyo, pamoja na watoto wengine wa mtaa, likawapeleka shule ya chekechea ng'ambo ya mto. Juma lililopita, siku ya mvua kubwa, Apiyo alirudi nyumbani akasema, "Baba, leo gari ilicheza densi darajani." Opiyo alicheka, akamuuliza ilicheza wimbo gani.

"Wamenimaliza, afande," alisema Kinyanjui. Alikuwa bado na suti aliyovaa kwenda kanisani. "Kesho asubuhi ni ukaguzi."

"Uligundua saa ngapi?"

"Tulipotoka kwa harambee ya kanisa. Asubuhi nilipotoka ilikuwa na miguu yake yote."

"Nani alibaki nyumbani?"

"Hakuna. Hata mbwa nilimwacha akilala. Ni vijana wa mjini hawa. Siku hizi wanaiba hata nguo kwa kamba." Kinyanjui alipangusa jasho la shingo. "Afande, nitafutie hizo magurudumu leo. Hii gari haijawahi kuanguka ukaguzi tangu niinunue. Na si hii peke yake. Uliza Eldoret mzima: Pijo 404 ilianguka ukaguzi lini? Ikianguka kesho, watoto wenu wataenda shule na nini?"

Sifa hiyo ndiyo iliyomfanya achague gari hili. Mwanzoni mwa mwaka yalikuwapo magari mengine, mapya kuliko hili, lakini yeye alitazama stika ya ukaguzi kwenye kioo cha mbele, akaridhika. Angekuwa na uwezo angenunua Pijo yake mwenyewe.

Alichuchumaa. Kwenye kila kitovu cha gurudumu, nati zilikuwa zimerudishwa kwenye bolti zake, zikakazwa kwa vidole.

"Mwizi gani huyu anayekurudishia nati?" aliuliza.

"Labda hakuzihitaji."

"Asiyezihitaji huzitupa kwenye nyasi. Huyu alitaka zisipotee."

Sajini Chelimo, aliyekuja naye, alikuwa amepiga magoti karibu na lango, kamera shingoni. Alikuwa mwanamke mrefu wa maneno machache, na alipoita, alikuwa na sababu.

"Inspekta, njoo uone hii tope."

Mistari ya magurudumu iliingia uani kutoka barabarani. Ile ya juu, mbichi, ilikuwa na alama za meno marefu, safi kama zimechorwa kwa kisu. Chini yake kulikuwa na mistari ya zamani iliyokaukia juani. Hiyo haikuwa na alama yoyote. Ilikuwa laini kama njia ya konokono.

"Upana ni mmoja," alisema Chelimo. "Nimepima. Ni gari moja, tairi mbili tofauti."

Opiyo alisimama polepole. "Mzee Kinyanjui, ulibadilisha tairi lini?"

"Mimi? Hizo... ni za zamani hizo."

"Fungua stoo."

"Stoo ina mahindi tu, afande."

"Basi tuone mahindi."

Nyuma ya magunia waliyakuta magurudumu manne, yamefunikwa kwa turubai. Opiyo alipitisha kiganja juu ya tairi la kwanza. Lilikuwa kipara kitupu. Kwenye la tatu, nyuzi zilikuwa zimeanza kuchungulia. Alikiacha kiganja chake hapo kwa muda.

"Binti yangu hupanda gari linalovaa hizi?"

Kinyanjui alitazama viatu vyake.

Aliyejibu alikuwa mwanamke aliyekuwa akiingia langoni, amevaa kitenge cha harambee na kofia. Mama Selpha alikuwa na Pijo kama hiyo, iliyobeba abiria wa Turbo, na habari za wizi zilikuwa zimemkuta njiani.

"Mwambie tu, Kinyanjui," alisema. "Umeita polisi mwenyewe, sasa unaficha nini? Wizi umekutoa akili."

"Selpha, nyamaza."

"Nimenyamaza miaka minne. Afande, nyumbani kwenu mlikuwa watoto wangapi?"

"Saba."

"Na viatu vya kanisa?"

Opiyo alitabasamu bila kutaka. "Jozi mbili. Tulivaa kwa zamu."

"Basi. Sisi tuko wanne wenye Pijo. Tulinunua magurudumu manne mazuri, pamoja na breki zake. Gari ya nani ina ukaguzi, huyo anavaa. Ikipita, anavua, anampelekea mwingine. Wiki iliyopita nilikuwa nazo mimi. Jana jioni nikamletea huyu, akazifunga, akaijaribu gari barabarani. Tunaziita viatu vya kanisa."

"Na wakaguzi?"

"Wanaona gari imevaa vizuri. Watajuaje ikifika nyumbani inatembea miguu mitupu?"

Kwa hiyo hiyo ndiyo sifa ya Pijo, Opiyo aliwaza. Gari lenyewe lilikuwa imara, hilo hakuna aliyelikana. Lakini kilichopita ukaguzi kila mwaka, gari baada ya gari, kilikuwa magurudumu yaleyale manne.

Hasira ilimpanda, akaimeza. Kazi ilikuwa bado. "Nani anajua habari hii?"

"Sisi wanne na madereva wetu."

"Leo asubuhi mlikuwa wapi?"

"Harambee," walijibu pamoja. Selpha aliongeza, "Mgeni rasmi alichelewa, tukakaa mpaka mchana. Wote wanne tulikaa benchi moja, na madereva nyuma yetu. Huyu hapa alikuwa anasinzia."

"Madereva wote?"

Selpha alifungua mdomo, akaufunga. Alimtazama Kinyanjui.

"Wa kwangu hakuwepo," alisema Kinyanjui kwa sauti ndogo. "Joash ni Msabato. Kanisa lake lilikuwa jana. Jumapili kwake ni siku ya kazi."

Joash waliyemkuta chumbani kwake, hatua chache nyuma ya nyumba, alikuwa mtu mwembamba wa miaka arobaini hivi, akipiga pasi shati lake la kazi. Aliwakaribisha kwenye kitanda, kwa sababu hapakuwa na kiti.

"Leo umeshinda wapi, ndugu?" aliuliza Opiyo.

"Hapa na pale, afande."

"Hapa ni wapi, na pale ni wapi?"

"Nilikwenda shuleni kwa watoto. Kuna kazi ndogo nilimwahidi mwalimu."

"Kazi gani?"

"Kupaka chokaa."

Opiyo alikuwa ameshaiona, nyeupe, chini ya kucha.

"Ulikwenda na mkokoteni wa maji. Nimeuona hapo nje, umeoshwa, na bado unatiririka."

Joash aliinua pasi, akaiweka kando ili isiunguze shati. "Ndiyo."

"Ukifungua gurudumu, nati unaziweka wapi?"

"Narudisha kwa bolti. Nati ikipotea, utaipata wapi barabarani?" Alipomaliza kusema, alielewa alichokisema. Hakukimbia wala hakuapa. Alichomoa tu waya wa pasi. "Twende, afande. Mimi si mtu wa kusumbua serikali."

Walikwenda wote, Kinyanjui na Mama Selpha wakifuata nyuma. Shule ya chekechea ilikuwa vyumba viwili vya mabati chini ya mikalitusi. Mbele yake, tairi zilipangwa kwa safu, zimezikwa nusu ardhini, nusu nyingine imepakwa chokaa. Siku za shule watoto walizikalia wakinywa uji. Opiyo alikuwa amemwona Apiyo hapo mara nyingi, ameikalia ya mwisho kama farasi.

Nyingi zilikuwa kuukuu na laini. Nne za mwisho zilikuwa mbichi, chokaa bado inanata, na chini ya chokaa vidole vya Chelimo vilipata meno marefu, ya kina.

"Ringi ziko nyuma ya jiko," alisema Joash. "Breki sijagusa. Sijauza kitu."

"Kwa nini, Joash?" Kinyanjui aliuliza, na sauti yake haikuwa ya mtu mwenye hasira. "Mimi nimekukosea nini?"

Joash alimgeukia Opiyo badala yake. "Afande, wiki ile ya mvua, pale darajani, nilikanyaga breki. Gari haikusimama. Ilizunguka. Tairi la nyuma lilibaki nje ya daraja, hewani. Nilikuwa na watoto kumi na mmoja. Walifikiri ni mchezo, wakapiga makofi. Nikawaambia ndiyo, gari inacheza densi. Ningewaambia nini?"

Opiyo aligeuka, akatazama upande wa mto.

"Nilimwambia mzee siku hiyo hiyo," Joash aliendelea. "Akanionyesha stika kwa kidole. Akasema, hii gari serikali imesema ni nzima, wewe ni nani? Nilimwambia mara ya pili. Stika. Ya tatu, stika. Nikaona kesho ikipita tena, nitaonyeshwa hiyo stika mwaka mzima mwingine. Nikasema acha iende jinsi ilivyo, ianguke mbele ya watu wanaojua."

"Na kwa nini uzilete hapa?"

Joash aliinama, akapangusa tope kwenye tairi la mwisho. "Ni tairi nzuri. Nilitaka watoto wazikalie hata mara moja."

Upepo ulipita juu ya mikalitusi. Mama Selpha alivua kofia yake.

Opiyo alimgeukia mzee. "Mzee Kinyanjui, wewe ndiye mlalamikaji. Ukitaka nimshtaki huyu kwa wizi, nitamshtaki. Mahakamani utaulizwa mali hiyo ilikuwa ya kazi gani. Utajibu."

Kinyanjui aliketi juu ya tairi, suti na yote. Chokaa ilimshika suruali na hakujali. "Kumi na mmoja," alisema. "Na mjukuu wangu?"

"Alikuwa mbele, karibu na mimi," alisema Joash. "Nilimshika kwa mkono."

Mzee alifunika uso. Alipouinua, macho yalikuwa mekundu. "Futa hayo malalamiko, afande. Mimi ndiye nilipaswa kulalamikiwa."

"Malalamiko nitayafuta. Lakini ukaguzi uko palepale. Kesho gari litakwenda na tairi zake zenyewe. Na Pijo nyingine tatu nitawaomba wakaguzi waziite tena."

"Itaanguka."

"Itaanguka."

"Na yangu itaanguka," alisema Selpha, akapumua kama mtu aliyetua mzigo. "Haya. Mimi nitakuja nayo mwenyewe, nisifuatwe. Na hizi nne zisirudi kwa zamu. Wenzangu nitaongea nao. Viatu hivi wavae watoto."

Jumatatu, Pijo 404 ya Kinyanjui ilianguka ukaguzi, na mji mzima ukazungumza. Hadi mwisho wa juma zilikuwa zimeanguka zote nne. Siku hizo Opiyo aliwapeleka watoto shule kwa miguu, Apiyo mabegani, na mbele yao Joash akisimamisha magari wavuke. Kisha, moja baada ya nyingine, Pijo zilirudi kwa wakaguzi, kila moja imevaa viatu vyake. Ya Selpha ilirudishwa mara mbili. Ya watoto ilipita mara ya kwanza, na Kinyanjui aliibandika stika mpya kwa mkono wake.

Mchana wa siku iliyofuata mvua ilinyesha, mvua ya Eldoret, yenye mawe ndani yake. Opiyo alisimama langoni kwake chini ya mwavuli kabla ya saa ya kurudi watoto. Gari lilitokea mwisho wa barabara, taa zinawaka, likaja taratibu, likasimama pale hasa Joash alipotaka lisimame.

Apiyo aliruka chini, akaingia chini ya mwavuli.

"Gari ilicheza densi leo?" aliuliza baba yake.

Apiyo alifikiri, uso umekunjamana kidogo kwa masikitiko.

"Hapana," alisema. "Ilitembea tu."

Opiyo alimbeba, ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa, wakaingia ndani.