Alama ya Kurithi

"Meli inang'oa nanga saa sita. Una dakika kumi na moja."

Sauti ya Bosi Quyền ilikwaruza kwenye redio ya sikioni. Pikipiki ya Honda ya jasusi Diễm ilipenya kati ya malori ya bandari ya Hai Phong, Vietnam.

Makontena mia nne. Moja lina makombora ya magendo.

"Khuê amepitia yote kwenye mfumo," bosi aliongeza. "Yote yana alama ya ukaguzi."

Khuê. Tena Khuê! Binti wa jasusi marehemu, yule ambaye picha yake hufukiziwa udi ofisini. Picha ile ilimpatia Khuê cheo, bastola mpya ya Glock na tabasamu la bosi. Diễm alipewa pikipiki kuukuu.

Wivu ulimchoma. Alitamani Khuê awe amekosea, kisha akajionea haya.

Akafunga breki. Akafungua kompyuta.

Programu ya Khuê, iliyoandikwa kwa lugha ya JavaScript, ilitumia amri ya for…in kusoma sifa za kila kontena. Imekaguliwa: ndiyo. Zote ndiyo.

Hata lililoingia dakika tano zilizopita, ambalo hakuna aliyelifungua?

"Khuê, programu yako inasoma na sifa za kurithi?" aliuliza redioni.

"Ndiyo, dada. Kwani vipi?"

"Mtu ameibandika alama kwenye kontena-mama, kiolezo ambacho yote yanarithi. Lisilo na alama linaonyesha ya mama."

"Jamani!"

Diễm akaandika amri nyingine, Object.hasOwn. Kila kontena lijibu kwa kilicho chake tu.

Mia tatu tisini na tisa: ndiyo.

Namba 217: hapana.

Alitazama juu. 217 lilikuwa linaning'inia kwenye kreni.

"Shusha!" Diễm akampigia kelele mwendesha kreni.

Jamaa mwenye kofia ngumu akamzibia njia, bastola mkononi. "Nenda kale, dada. Supu inapoa."

Diễm akachomoa bastola yake, akafyatua risasi moja. Bastola ya jamaa ikaruka, naye akapiga magoti akishika kiganja.

Kontena likatua, likafunguliwa. Magunia ya mbolea. Chini yake, makombora.

"Khuê, hongera!" sauti ya bosi ikalipuka redioni kwa furaha. "Damu ya baba yako hiyo!"

Diễm alijiuma mdomo.

"Si mimi, bosi," Khuê akadakia redioni. "Mimi nilikosea. Ni dada Diễm. Andika jina lake."

"Diễm?" bosi akauliza. "Upo?"

"Nakwenda kula tambi za kaa. Khuê, njoo."

"Kweli, dada?"

"Uje na hiyo Glock. Nataka kuishika kidogo."

Akachomoa redio sikioni, akaondoka taratibu. Wivu alikuwa nao bado. Ila sasa njaa ilimuuma kuliko wivu.