Kaptula ya Kifalme Iliyoninyima Esther

Nina miaka ishirini na tisa, sijaoa, na kazi yangu ni kulinda magari ya watu hapa Durban. Nilizaliwa Uvira, Congo. Jina langu ni Pascal, na wengi wenu mnaosali nasi huku mtaa wa Point mtanitambua, kwa sababu mlinicheka mwaka mzima. Sawa! Leo chekeni tena, lakini safari hii mjue mlichokuwa mnakicheka.

Siandiki ili mnionee huruma. Huruma yenu kaeni nayo. Naandika kwa sababu nina hasira, na hasira hii nimeibeba miaka mitatu sasa bila kumwambia mtu.

Mnaijua kazi ya kulinda magari? Unavaa jaketi la rangi ya chungwa linalong'aa, unasimama juani kutwa nzima, unamwonyesha mwenye gari nafasi ya kuegesha. Hujamaliza kusema "habari ya asubuhi" keshapandisha kioo. Nilikuwa na diploma ya ualimu kutoka kwetu. Nani alijali? Ndani ya jaketi lile sikuwa mtu, nilikuwa rangi ya chungwa tu.

Jumamosi moja mwaka 2011 nilikuwa nalinda magari nje ya ukumbi walikokusanyika vijana wapenzi wa katuni za Kijapani. Akashuka kijana mmoja wa Kihindi kwenye gari dogo jeupe... Ndugu zangu, sijawahi kuona mtu amevaa vile! Shati jeupe lenye marinda kifuani. Kizibao cheusi. Suruali iliyoishia chini kidogo ya goti, imebanwa kwa vifungo vitatu. Soksi ndefu nyeusi, viatu vyeusi vya ncha ya mviringo, kofia ndogo ya kuinamia upande mmoja na fimbo mkononi. Alitembea kama mwenye nchi yake.

Nikamuuliza hiyo ni nguo ya nini. Hakupandisha kioo huyu! Alisimama nami robo saa nzima. Akaniambia ni mtindo wa vijana wa mitaani kule Japani, wanauita ouji, yaani mwana wa mfalme. Akanielekeza na jinsi ya kuanza. Anayeanza asikimbilie koti la kifahari, wala asiguse vitambaa vya kung'aa vya kuigizia. Aanze na shati, suruali, soksi, kizibao na viatu. Achague rangi mbili tu, ili kila kipande kikubaliane na kingine.

Sikulala vizuri wiki ile. Mwana wa mfalme! Mimi, wa jaketi la chungwa!

Nikaanza kutafuta. Shati nililipata kwenye mafungu ya mitumba yanayomwagwa chini mjini, yale ambayo wenyeji wanayaita dunusa kwa sababu ni lazima uiname uyachambue. Lilikuwa blauzi ya mama mmoja mnene, vifungo upande wa kike, lakini marinda yake yalikuwa safi. Kizibao kilikuwa cha mhudumu wa hoteli. Soksi zilikuwa za sare ya shule. Suruali nyeusi niliikata mwenyewe, nikaharibu moja, ya pili ikakubali.

Aliyenisaidia kushona ni Esther. Mchumba wangu. Alikuwa akisuka nywele saluni moja huku Point, na wateja wakipungua alitoa sindano akanipachikia lesi kwenye mikono ya shati. Koti la rangi ya zabibu tulilitoa kwenye pazia la mahameli, kazi ya miezi miwili. Esther hakunicheka hata siku moja. Siku nilipovaa vyote kwa pamoja alinizunguka, akanirekebisha kola, akasema, "Ukivala hivi, unasimamaka muzuri. Usiinamie tena hao batu ya magari."

Nilimpenda mpaka nikaogopa. Niseme nini zaidi?

Wengine nao? Wanaume wa kwetu mnawajua. Mtu hana kitanda lakini suruali yake ina mkunjo wa pasi unaoweza kukata mkate, na lazima ifike kwenye kiatu. Mkaniona nimevaa vile Jumapili nje ya kanisa, mkaanza: "Pascal, suruali yako ilinyeshewa mvua?" Mama mmoja akanivuta pembeni, akaniuliza kama nimeingia dini ya shetani. Nikawajibu kwa kiburi. Kadiri mlivyocheka ndivyo nilivyozidi kuvaa. Hilo ni kosa langu la kwanza, nalikiri.

Sasa nije kwa nyoka mwenyewe.

Trésor tulitoka naye Uvira. Tulivuka mipaka pamoja, tukala mkate mmoja, tukapanga chumba kimoja. Alikuwa kinyozi, na kiti chake kilikuwa mbele ya saluni ileile ya Esther. Baba yake Esther, mzee aliyekuwa msimamizi wa ghala moja huko Clairwood, alikuja kunyolewa na Trésor kila Jumamosi. Mzee akikaa kwenye kiti kile alikuwa na maneno mengi, na Trésor alikuwa na masikio makubwa. Mimi mzee huyo nilikuwa nimesalimiana naye mara mbili tu.

Mwaka 2012 tukapanga siku ya posa. Mnajua kwetu mposaji haongei. Anakaa kimya, anaangalia chini, na msemaji wake ndiye anayejibu kila kitu. Ukifungua mdomo mbele ya baba wa binti, umeonekana huna adabu na shughuli imevunjika. Kwa hiyo msemaji ndiye roho yako siku hiyo. Nani mwingine ningemchagua? Nikamchagua Trésor, ndugu yangu.

Wiki moja kabla, Esther aliniomba kitu kimoja. Kimoja tu! Alinishika mkono akasema, "Siku ya Baba uvale costume yako. Baba hapendake mwanaume na kaptula. Sijui juu ya nini, lakini hapendi kabisa. Niahidi." Nikamwahidi. Costume kwetu ni suti, nami nilikuwa na moja ya kijivu, nzuri, imekaa mwilini.

Jioni ile nikamweleza Trésor. Akacheka, akanipiga bega.

"Kaptula? Ile haiko kaptula, mon frère, ndugu yangu! Ni nguo ya mwana wa mfalme. Mzee namujua mie, namunyoaka kila juma. Anapenda muntu mwenye kujiheshimu. Akikuona vile atasema, huyu haiko mulinzi wa magari, huyu ni muntu mukubwa. Esther ni mwanamuke, anaogopa tu."

Kisha akainamisha kichwa. "Na mie niko na shida. Niko na jeans tu. Msemaji ataenda na jeans mbele ya beau-père, baba mukwe wako? Niazimishe ile costume."

Mnaotoka kwetu mnaelewa. Nguo haikataliwi! Katika jengo letu koti moja lilipigwa picha na watu watano, na kila mmoja akatuma picha nyumbani kama lake. Anayekataa kuazimisha nguo anaonekana ana roho mbaya, na habari zake zinafika mpaka Uvira. Nikajiambia, suti nampa, basi nami nitavaa nini? Jibu lilikuwa limetundikwa ukutani, jeusi na zabibu, limepigwa pasi... Na moyoni, niseme ukweli, nilifurahi kupata sababu.

Jumapili mchana, baada ya ibada, tukaenda Greyville kwenye fleti ya mzee. Tulikutana mlangoni na mzee mmoja wa kanisa na mke wake, waliosimama mahali pa wazazi wangu. Mama yule aliponiona alishika kifua. Mume wake akatazama saa. Tukaingia.

Esther alitokea jikoni na sinia ya soda. Akaniona... Ile sura siwezi kuisahau. Hakukasirika. Alirudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya.

Baba yake alinitazama kuanzia viatuni. Soksi. Magoti. Vifungo vitatu. Hakufika usoni.

"Hii njo nini?" akauliza.

Trésor, msemaji wangu, roho yangu, alikohoa tu.

Mzee akasema taratibu, na sauti yake ikaanza kutetemeka. "Papa yangu alikuwaka boyi, mutumishi wa nyumba, kwa muzungu kule Bukavu. Muntu na watoto saba, na mvi kwa kichwa, bado anavala kaptula na soksi ndefu! Mutoto mudogo wa muzungu anaitana, 'Boyi, kuja!' na Papa anakimbia. Hawakumuruhusuka kuvala pantalon, suruali ndefu, juu pantalon ni ya mabwana. Siku alikufa, tulimuvalisha pantalon ya jirani. Hakukuwa na yake! Na weye unakuja kuniomba mutoto wangu na ile nguo ya boyi?"

Mungu wangu, sikujua! Nguo niliyoivaa ili nisionekane mtumwa wa mtu, kwake yeye ndiyo ilikuwa ya utumwa wa baba yake!

Kisha mzee akageuka. "Na weye Trésor. Hii habari nilikuelezaka pale kwa kiti yako mara ngapi? Machozi yangu si uliyafuta na taulo yako? Ukaacha ndugu yako aje hivi?"

Nikamtazama Trésor. Alikuwa ameketi na suti yangu, suruali imemfika viatuni vizuri kabisa.

"Baba," akasema kwa upole, "nilimukataza. Njia yote nilikuwa namukataza. Alisema Baba atazoea."

Mwongo! Mwongo mkubwa! Neno lilinifika kooni. Lakini mposaji haongei... Nilifundishwa hivyo tangu utotoni, na mzee wa kanisa alikuwa ameshanikanyaga mguu ninyamaze. Esther alisimama pale mlangoni na sinia yake, ananitazama, anangoja. Nadhani alinipa muda mrefu kuliko nilivyostahili. Nikaangalia sakafu.

Akaweka sinia chini, akaingia chumbani.

Tulitolewa nje soda zikiwa hata hazijaguswa. Kwenye robot ya kwanza, taa za barabarani, Trésor akaniambia anapitia kwa rafiki, akavuka barabara na suti yangu mwilini. Jumatatu nilikuta suti imetundikwa kwenye msumari wa mlango wetu, imefuliwa, imenyooshwa, na mizigo yake yote haipo. Nilipomfuata kazini hakukana hata kidogo. Alitabasamu, akaendelea kumnyoa mteja. "Kwa mapenzi kila muntu anajipigania, mon frère." Hivyo tu! Miaka yote ile, mkate ule wote, ukaishia kwenye sentensi moja!

Nikamngoja Esther nje ya saluni. Nilimweleza kila kitu, nikalia mbele ya watu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameniamini, niliona machoni. Hilo ndilo linaloniua hadi leo.

"Nilikuomba kitu kimoja, Pascal," akasema. "Ukaenda kuuliza Trésor."

Akaingia ndani. Hakunitukana, wala hakuongea nami tena.

Miezi tisa baadaye ndoa yao ikatangazwa kanisani. Mnakumbuka mlivyopiga vigelegele? Mzee alimpokea kinyozi wake kama mwana, yule mwenye heshima, aliyejaribu kunizuia! Watu wakanitazama kwa pembe ya jicho. Mmoja wenu, sitakutaja, ukanong'ona suruali fupi imekula mke. Nilikusikia.

Sasa sikilizeni la mwisho, ambalo sijawahi kulisema kwa mtu yeyote.

Siku tano kabla ya harusi kuna mtu aligonga mlango wangu. Alikuwa ametumwa na Trésor. Suti aliyoiagiza ilikuwa haijafika. Je, ile yangu ya kijivu, ninaitumia wikiendi hii?

Nilisimama pale mlangoni. Nilifikiri nitamrushia yule mtu kiti. Nilifikiri nitaichana suti vipande. Halafu nikawaza watu watasema nini: Pascal ana kinyongo, Pascal ananyima mtu nguo siku ya ndoa yake... Nikaitoa kwenye msumari, nikaikunja, nikampa.

Ndiyo! Nilimpa! Esther aliolewa na suti yangu. Sikwenda kuiona, lakini picha zilizunguka kwenye simu zenu, na nilitambua hata kifungo cha mkono wa kushoto nilichokishona kwa uzi wa rangi tofauti.

Nguo zangu za kifalme bado ninazo. Sizichukii, hazikunikosea. Kijana anayeupenda mtindo huo avae, aanze na shati na suruali kama nilivyofundishwa, na wanaocheka wacheke. Lakini wewe uliye na mchumba, nakusihi kwa jina la Mungu: akikuomba jambo moja, usilipeleke kwa rafiki likapimwe. Kabla hujaingia nyumba ya watu, uliza wamepitia nini, na umuulize mwenye nyumba mwenyewe, si kinyozi wake. Ukisingiziwa mbele ya unayempenda, fungua mdomo, hata kama mila inakutaka unyamaze. Mila haitalala na upweke wako.

Na mtu akija kukuazima suti siku ya posa yako, mwambie hapana. Ni neno dogo sana. Mimi lilinishinda mara mbili.