Ubao Wenye Matundu

"Laki nne, Hajati. Mbili ulinipa mwanzo, nne zimebaki. Hesabu nyingine mimi siijui."

"Na mimi sijui kulipia uvundo," akajibu Hajati Fatumah, mkono kiunoni, amesimama mlangoni mwa karavani yake.

Ogutu alihisi damu ikimpanda kichwani. Alikuwa seremala wa Mengo, Mjaluo kutoka Siaya, ambaye hakufundishwa na mtu. Randa na patasi alizijua kwa kujikata vidole. Sifa yake mjini ilikuwa moja tu: Ogutu hali cha mtu, na chake hakiliwi. Jumatatu mwenye kibanda angekuja na kufuli lake, na bila hizo laki nne zana zote zingelala ndani.

Karavani yenyewe ilikuwa chumba cha bati juu ya magurudumu, cha mviringo kama yai. Mzungu fulani aliitelekeza miaka ile ya vita, kuku wakataga humo, mpaka Hajati alipoinunua, akaisugua, akaiegesha uani kwake Kibuli apate kuikodisha kwa wapita njia. Ilikosa milango ya makabati tu. Ogutu aliitengeneza minne kwa mvule, myembamba, kona za mviringo, yenye matundu ya kupitisha hewa, maana kabati la bati juani huozesha hata chumvi. Matundu hakuyatoboa yeye. Ubao aliukuta nayo tayari, safu kwa safu, akaona ni bahati ya mtu mwenye macho.

Sasa Hajati alishusha sauti, majirani wasisikie. Wageni wa kwanza walikimbia Ijumaa, hata pesa yao hawakuidai. Mwanamke alikunywa chai kwa kikombe cha kabatini, akasikia kitu ulimini, akakivuta kwa vidole.

"Pamba, fundi. Imelowa, imenyonywa."

Ogutu akasema uvundo huo ni wa mtaro wake wa maji machafu, asisingizie milango. Ataingia mwenyewe, akae humo, halafu alipwe.

Aliingia, akafunga, akaketi. Ilikuwa saa saba mchana, jua limesimama juu ya bati. Mwanzoni alinusa vanishi yake, ikampendeza. Chini yake ikaja harufu nyingine, kali, ya baridi, kama vidonge vya kufukuzia nondo, na nyuma ya hiyo kitu kitamu kilichochacha, kama kitambaa cha kidonda kilichosahaulika ndooni. Tone. Akatazama sakafuni: pakavu. Tone jingine, na hapo akaona kwamba milango ilikuwa ikitoka jasho, kwamba katika kila tundu maji yenye povu la kijivu yalichungulia, yakanenepa, yakateleza juu ya vanishi yakiburuta unywele mweupe mrefu, na kwamba hayakufika chini, kwa sababu shubiri moja juu ya sakafu, mahali pasipo na kitu, kitu kiliyapokea na kuyalamba, taratibu, kama mbwa anavyolamba sufuria, na kila kilipomeza kilimshushia Ogutu usoni pumzi ya kushiba, yenye utamu ule uliochacha, mpaka akajikuta nje, magoti majanini, akitapika chai ya asubuhi na vipande vya chapati.

"Umeamini?" Hajati aliuliza. Hakucheka.

Mwingine angeomba radhi. Ogutu alikasirika. Aliing'oa milango yote, bawaba kwa bawaba, akaipanga majanini kwa mfuatano ule ule wa kuikata, amwonyeshe kuwa ni ubao mmoja, mvule mtupu, hakuchanganya takataka. Mistari ya mti ikashikana. Matundu yakashikana. Na doa lililokuwa wingu tu kwenye kila mlango, sasa likapata kichwa, mabega, nyonga, mapaja. Likakatikia magotini.

Hajati alirudi nyuma, kiganja mdomoni.

"Fundi, mama yangu alilazwa hapo. Huo ni ubao wa kuoshea maiti. Hiyo unayonusa ni karafumaiti. Nani alikuuzia?"

Kwao Ogutu hakukuwa na ubao wa namna hiyo, angejulia wapi? Aliununua kwa Huzaifa, mwosha maiti wa msikiti mdogo wa mtaa wa chini, elfu thelathini, mkono kwa mkono.

Huzaifa aliitwa, akaja na kanzu yake, wala hakubisha. Wazee walipoleta kitanda cha chuma walimwagiza auzike ardhini ubao wa zamani. Njaa ikamwagiza auuze. Macho chini, alieleza kwamba miaka yote kulikuwa na jini chini ya ubao ule, likinywa maji yaliyodondoka. Halikumdhuru mtu. Lilikuwa likipata chake.

"Ubao ukizikwa mzima, nalo linalala nao," akasema. "Pakibaki kipande, linakifuata." Kisha akamtazama Ogutu. "Upande wa miguuni uko wapi?"

Ogutu alijua ulipo. Kipande kile kilikuwa laini kama sahani, akaona dhambi kukitupa. Alikipiga msasa, akampelekea mkewe Nabwire, naye wiki mbili sasa alikuwa akisukumia chapati juu yake. Unga ulijaa matunduni. Nabwire aliuchokonoa kwa njiti, akaurudisha kwenye donge, chakula kisipotee. Na Ogutu alikuwa amemsifu, akisema chapati za siku hizi zina utamu fulani.

Alimeza mate. Utamu ulikuwa bado umo. Awaambie watu hawa amekula nini?

"Uliishia kwenye randa," akasema. "Ukawa taka, nikauchoma."

Milango ikazikwa nyuma ya ua, Huzaifa akisoma aya, jasho likimtoka. Udongo wa mwisho ulipoanguka, harufu iliondoka ghafla kama mtu aliyeitwa. Hajati akasema kazi ni kazi, atamlipa, ila achonge mingine kwa mbao za dukani. Alihesabu laki nne, akazishika kidogo kabla ya kuziachia.

"Kila mwenye haki amepata haki yake?"

"Amepata."

Boda ilimfikisha nyumbani Mengo jua likiwa bado juu. Nabwire alikuwa mezani, akisukuma. Ogutu alimwambia polepole aache, aondoe mikono hapo.

"Ngoja nimalizie moja, baba. Leo unga unatoa maji, sijui kwa nini." Donge lilikuwa la kijivu. Akachomoa humo unywele mweupe, mrefu, akaupangusia kwenye kanga bila kushangaa, kama mtu aliyekwisha kuuzoea.

Tone. Sakafu ilikuwa kavu. Chini ya meza kitu kililamba, kikameza, kikanyamaza.

Ogutu alizitoa laki nne, akainama na kuzisukuma chini ya meza. Noti zikarudi zimelowa, zimefunikwa povu.

Sauti iliyotoka huko chini haikuwa na hasira. Ilikuwa ya mtu aliyesimama dukani, akingoja chenji yake.

"Kipande changu, fundi. Na chote ulichokula."