Ile Tundu Baba Mudogo Alitoboa kwa Nyumba Yetu

Nilimuona na macho yangu mawili.

Baba mudogo Placide, ndugu wa damu wa baba yangu, na shoka mukononi, anapasua ukuta wa nyumba yetu... na mama yangu iko ndani.

Ilikuwa saa kumi ya muchana lakini mbingu ilikuwa nyeusi. Upepo ulikuwa umeshabeba mabati ine, moja ilikuwa imelala kwa muhogo wa jirani. Maji ya kilima ilikuwa inaingia kwa mulango wa nyuma kama iko kwake. Na ule mwanaume, kuliko kumuokoa muke wa ndugu yake, anakata ukuta wa mbele, chini kabisa, kando ya mulango.

Nilipiga kelele: "Baba mudogo, unatuua!"

Hakugeuka. Akapiga tena.

Ukuta ukapasuka. Maji ikatoka na nguvu, ikabeba masufuria, ikabeba sanduku ya nguo za mama, ikabeba foto ya baba, ile moja tu tulikuwa nayo. Niliiona inashuka kwa ziwa, uso juu.

Munaosoma, mungoje kwanza mbele ya kumuchukia Placide. Mi nilimuchukia haraka, na mutaona ile chuki ilinifikisha wapi.

Jina yangu ni Adolphine. Niko na miaka makumi munane na tano. Magoti ilishakufa, meno imebaki ya kuhesabu, lakini kichwa iko muzuri kabisa, kwa bahati mbaya. Mujukuu wangu Immaculée njo anaandika kwa simu, mi nasema. Ananiambia bantu ya kwa simu habapendi maneno marefu. Batanivumilia. Hii nimeikalisha ndani ya tumbo toka mwaka 1956.

Tulikuwa hapa hapa Baraka.

Baba yangu Bonaventure alijenga ile nyumba mbele nizaliwe. Matofali mabichi, mabati juu, wakati mustari wetu wote wa nyumba ilikuwa nyasi. Alikufa mi niko na miaka kumi na tatu. Tulimuzika nyuma ya nyumba, upande wa kilima, na musalaba wa muti.

Ile nyumba njo mama alikuwa nayo kwa hii dunia. Ikianguka, mujane anarudi kwa bakaka zake kule Mboko, na mutoto anabaki kwa ukoo wa baba. Mutoto nilikuwa mi peke yangu. Basi muelewe: nyumba ikianguka, mi na mama tunaachana.

Placide alikuwa kando yetu kwa parcelle moja, kiwanja ya bote wawili na baba, ndani ya nyumba ya nyasi na muke wake. Muntu wa maneno kidogo, na ile kidogo yenyewe alikuwa anaitupa kama mawe. Kila mwaka aliangalia namna maji ya kilima inasogea. Ile mwaka, mwezi wa tatu, akakuja na jembe. Akasema inafaa tuchimbe mufereji juu ya nyumba, maji ipite kando.

Fasi ya kupitisha mufereji ilikuwa moja tu. Kwa miguu ya kaburi ya baba.

Mama akasimama mbele ya jembe.

"Shemeji, unataka kumuamusha ndugu yako?"

Baba mudogo akamubembeleza, mama akakataa. Akamubembeleza tena. Bantu bakaanza kukusanyika, bamama na mabeseni kwa kichwa, kila mumoja na shauri yake. Mwisho Placide akakasirika, akasema neno moja mbele ya bote:

"Bila mufereji hii nyumba itaanguka, Suzanne. Na itakuangukia weye."

Kwetu, neno kama ile haisemwi. Ukisema mabaya na ikafika, bantu habasemi uliona mbali. Banasema uliita.

Haikupita mwezi, mvua ikakuja. Na mi nikamuona na shoka.

Kesho yake nyumba yetu ilikuwa imesimama bado, na tundu kwa mbele ya kutosha mbuzi kupita. Mama alikuwa muzima, sababu alikuwa amesimama juu ya kitanda. Nyumba ya Placide ilikuwa chini yote, nyasi na miti imelala kwa matope. Hakuna muntu aliuliza juu ya nini muntu anaacha nyumba yake inaanguka, anaenda kupasua ya mwenzake.

Balituita mbele ya kapita, mukubwa wa kijiji, na bazee. Mama akaeleza yale maneno ya mwezi wa tatu. Placide akajitetea, akasema alitaka maji itoke. Muzee mumoja akacheka, akasema muchawi naye hakosake maneno.

Kisha bakaniita mi. Kapita akaniuliza niliona nini.

"Nilimuona anatoboa nyumba. Na mama iko ndani."

Sikusema uongo hata kidogo. Mukumbuke hapo, juu ndiyo uchungu wote: sikusema uongo.

Bakamufukuza. Bakamuambia aende Kazimia, asikanyage tena ile parcelle. Akafunga vitu vyake, mafurushi mbili tu. Muke wake analia na mutoto mugongoni, yeye anabeba. Mbele ya kupanda mutumbwi akanikuta nateka maji kwa ziwa.

Nilitaka kukimbia. Akaniita pole pole:

"Mutoto yangu. Umuambie mama yako musizibe ile tundu mbele ya kuchimba mufereji. Mukiziba bila mufereji, siku maji itarudi sitakuwa hapa kutoboa tena."

Nilitema mate chini. Nikabeba maji yangu, nikapanda.

Na sikumuambia mama.

Juu ya nini nimuambie? Nilifikiri ni mutego. Nilifikiri anataka nyumba ibaki wazi, mvua ingine imalizie kazi yake. Miaka kumi na sita, unajiona umeshajua bantu bote.

Basi tukatengeneza nyumba.

Ile kiangazi sitaisahau. Tuliegemeza miti kwa ukuta, tukatoa matofali ya chini moja moja, juu maji ilikuwa imeifanya laini kama bukari kwa sahani. Tukakanda udongo wa kichuguu na nyasi iliyokatwa-katwa. Matofali mupya tulikausha chini ya majani ya migomba, isipate jua ghafula ikapasuka. Mabati tukaokota kwa mashamba ya bantu, tukainyoosha juu ya gogo, kwa kupiga na muti. Bamama ya jirani bakatubebea mawe ya ziwa. Mama alibapikia sombe, majani ya muhogo, na ndakala, samaki ndogo ya ziwa, anaimba. Toka baba akufe sikuwa nimemusikia anaimba.

Na ile tundu? Mama mwenyewe akasimama hapo, akasema hapa njo pa kuziba kuliko pote. Tukaweka mawe makubwa, tukashindilia chokaa katikati. Ikawa fasi ya nguvu kupita nyumba yote.

Nilikuwa nakanda chokaa na mikono yangu. Maneno ya baba mudogo ilikuwa ndani ya kichwa. Nikafunga mudomo.

Mwezi wa nane akashuka Rukunda, muzee wa ng'ombe kutoka Bibokoboko kule milimani, rafiki wa zamani wa baba. Kila mwaka alileta siagi, akapanda kurudi na chumvi na ndakala. Kule kwao juu banapaka ukuta na mavi ya ng'ombe, isipasuke. Basi alituletea magunia mbili, juu ya urafiki tu.

Mama alikuwa kwa shamba. Rukunda akaingia ndani kuangalia fasi ya kupaka. Kwa ukuta wa ndani alama ya maji ilikuwa inaonekana bado, mustari mweusi, kwa mi inafika kifuani. Akaweka kiganja hapo. Akafungua mulango wa mbele, akaona unafungukia ndani. Akarudi, akagusa yale mawe mupya.

Akaniuliza nani alitoboa hapa. Nikamuambia ni adui yetu.

"Binti," akasema, "maji ilijaa ndani, ikasukuma mulango, mulango haukuweza kufunguka tena. Tofali mbichi inakunywa mpaka inachoka. Bila hii tundu, ukuta ulikuwa wa kumulalia mama yako."

Mi nikaweka mukono kwa yale mawe.

Akauliza nyumba ya huyo adui iko wapi. Nikamuonyesha ile nyasi iliyooza, ng'ambo ya miti. Akauliza ilianguka siku gani. Nikasema siku ile ile. Akauliza, na yeye alikuwa wapi wakati inaanguka?

"Alikuwa hapa," nikasema.

Rukunda akashika gunia yake, akaanza kazi. Wakati wa kuondoka tu akasema mufereji ichimbwe mbele ya mvua ya kwanza.

Jamani... kutoka ile siku sikulala vizuri. Nilijua. Lakini kumuambia mama mufereji ilikuwa kumuambia yote. Kwamba Placide hakuwa na kosa. Kwamba kinywa changu njo kilimufukuza. Kwamba alituma neno na mi nikalimeza. Na mama alikuwa na furaha. Kila asubui anapita mukono kwa ule ukuta mulaini, anasema Bonaventure angeona, angecheka.

Nikasema nitamuambia kesho. Kesho ikafika, nikasema kisha misa ya Jumapili. Ikafika mwezi wa kumi.

Mama akanituma Mboko kuita bakaka zake bakuje baone nyumba imepona. Njia yote nilikuwa napanga maneno. Niliapa: nikirudi tu, sitakaa hata chini, nitamuambia.

Mvua ilinikuta Mboko.

Nilirudi kisha siku mbili. Kwa mbali niliona mabati iko chini sana, nikafikiri ni macho. Bantu balikuwa bengi kwa parcelle, na hakuna aliyeniangalia usoni. Maji ilijaa ndani kama mara ya kwanza. Mulango ukakataa. Na safari hii hapakuwa na tundu, hapakuwa na baba mudogo na shoka yake. Ukuta wa mbele ulianguka kwa ndani.

Yale mawe niliweka na mikono yangu, mama tulimutoa chini yake.

Kwa kilio bantu balisema nini? Munajua tayari. Balisema Placide amemaliza kazi yake. Alisema itamuangukia, na imemuangukia. Balimulaani kwa jina.

Na mi nilikuwa nimekaa hapo kwa mukeka. Nilinyamaza mara ya pili.

Nikaolewa, bwana wangu akakuja kujenga hapa hapa kwa parcelle ya baba. Mwaka 1958 nikashindwa kubeba ile siri, nikapanda mutumbwi mpaka Kazimia. Nilimukuta baba mudogo anaanika ndakala kwa muchanga. Amekonda, nywele yote nyeupe. Aliponiona akaacha samaki, akanishika mikono yote mbili. Mi nikaanguka kwa magoti, nikaanza kulia.

Akaniinua. Na munisikilize vizuri, juu hapa njo naungua mpaka leo.

"Usijibebeshe, Adolphine. Najua weye ulimuambia. Mama yako alikuwa kichwa ngumu, hata kwa mufereji alinikatalia. Weye ulifanya yako, mutoto yangu. Ulimuambia."

Alikuwa ananipa njia. Hakujua ananipa nini.

Nikamuangalia usoni.

"Ndiyo, baba mudogo," nikasema. "Nilimuambia. Akakataa."

Akatingisha kichwa, akanifuta machozi na kikofia chake. Muke wake akanipikia. Nikala.

Alikufa mbele mwaka uishe, anaitwa muchawi kwa Baraka yote, anaamini mama yangu njo alijiua kwa ubishi. Muntu aliyetuokoa nilimuiba jina, na mama yangu nilimuwekea kosa ndani ya kaburi.

Juu ya nini nasema leo?

Wiki iliyopita kijana anaitwa Jacques alitoka Kazimia. Maji ilibeba nyumba yake. Aliomba kipande ya parcelle ajenge, juu babu yake alitoka hapa. Batoto bangu bakamuuliza babu gani. Akasema Placide. Bakamufukuza, banasema damu ya muchawi hailale hapa.

Nilikuwa kwa kiti, hapo hapo. Nilinyamaza mara ya tatu.

Immaculée sasa ameacha kuandika, analia. Andika, mutoto, tumalize.

Bandugu, macho inaona mukono, haioni moyo. Unaweza sema kile uliona, kweli tupu, na ukamuua muntu nayo. Na ukipewa neno la kufikisha, lifikishe hata unamuchukia aliyekutuma. Likikaa kwako linageuka jiwe, na jiwe haichague wa kumuangukia.

Jacques, kama hii inakufikia, babu yako hakuwa muchawi. Muongo ni mi. Nimeshabaambia batoto bangu bote jana, na muntu hajala kwa hii nyumba toka jana. Batanisamehe ao habatanisamehe, parcelle ni ya ndugu wawili, na upande wa Placide unakungoja. Kuja ujenge.

Mufereji nimechimbisha leo asubui. Umepita kwa miguu ya baba, pale pale baba mudogo alionyesha na jembe. Nilikalisha kiti yangu kando, nikaangalia mpaka mwisho.

Baba hakuamuka.