Kidani cha Sisimizi

Ofisi ya vifurushi ilijaa asubuhi ile hata feni ya darini ikawa inazungusha jasho la watu tu. Msichana wa saluni alisimama kwenye foleni na gauni lake la njano, kila kucha na rangi yake, kwa kuwa mikono yake ndiyo iliyokuwa tangazo la kazi yake. Alikuja kuchukua katoni la dawa ya kutolea rangi ya kucha, mzigo wa shangazi yake mwenye saluni.

Mbele yake alikuwapo kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa vizuri, ameshika boksi dogo kama mtu aliyebeba mayai. Akaja bibi mwenye mkongojo, kijana akampisha bila kuambiwa. Akaja mama mwenye mtoto mgongoni, akampisha naye.

"Kaka, huruma yako inakula foleni yangu," msichana akasema.

"Basi pita na wewe, dada, nikamilishe thawabu."

"Sipiti. Nataka kwanza kuona una nini humo kinachokuondolea haraka."

Kijana akafungua boksi. Ndani kulikuwa na kidani cha rangi ya asali, na ndani ya ile asali amelala sisimizi mzima, miguu na vipapasio vyote.

"Hii ni kaharabu," akasema. "Utomvu wa mti uliomnasa huyu bwana, ukaganda, ukawa jiwe kabla dunia haijamjua binadamu. Ni kisukuku. Nauza vito vya namna hii mtandaoni."

"Au unauza plastiki."

Kijana akacheka. Akachana risiti vipandevipande, akasugua kidani kwenye mkono wa shati, akakisogeza. Vile vipande vikaruka, vikakinata.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Basi usiamini. Hata plastiki nyingine hufanya hivyo. Kitu cha kweli hakijulikani kwa jaribio moja."

Msichana akamtazama upya. Wauzaji aliowajua yeye hawakuwa na tabia ya kumkatisha mnunuzi tamaa. Walipotoka pale, kila mmoja alikuwa na namba ya mwenzake, na boksi lilikuwa halijatumwa.

Simu zikaanza. Msichana akamwita kijana Bwana Sisimizi. Kijana akamwita Rangi.

"Rangi wangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Mimi nashiba nikikusikia."

"Basi shangazi akuajiri, maana yeye analalamika wafanyakazi wanakula sana."

Kijana alimfundisha kazi yake. Kwamba plastiki nyingi huzama kwenye maji yenye chumvi nyingi, kaharabu ikaelea. Kwamba kuna sandarusi, utomvu mchanga ambao haujawa jiwe, nayo huelea vilevile na walaghai huiuza kwa jina la kaharabu. Lakini ukiidondoshea dawa ya kutolea rangi, hulainika na kunata. Naye Rangi, kwa kupenda tu, akampelekea kichupa cha rangi ya kucha ya maji, ile isiyoonekana.

"Vito vyako vimefifia uso. Pakaza hii, ving'ae kama kucha za bibi harusi."

Siku ya kuzaliwa kwake, kijana akamvisha kile kidani cha sisimizi, kinang'aa kuliko siku ya kwanza. "Nilimwambia mteja kimeshapata mwenyewe," akamnong'oneza.

Sasa, msichana huyu aliwahi kuvishwa kitu kabla ya hapo. Mchumba wake wa kwanza alimpa pete ya dhahabu, na pete ile ikamgeuza kidole kuwa kijani mbele ya wateja, saluni nzima ikacheka hadi machozi. Alipomuuliza, mchumba alimwapia kwamba ni joto la mwili wake. Baadaye akajua kwamba na mapenzi yalikuwa ya shaba vilevile. Tangu hapo aliapa: atakayemdanganya tena, atalia mbele za watu.

Siku moja anamfuta mteja kucha, chupa ikateleza, dawa ikamwagikia kifuani. Akakishika kidani akifute. Kikanata. Alipotoa kidole, alama ya kidole ilibaki juu ya jiwe, kama kwenye unga uliokandwa.

"Sandarusi," akasema taratibu.

Shangazi, aliyekuwa anampashia mteja mmoja mzee maji ya miguu, akageuka. "Mpigie umuulize, mwanangu."

"Nimuulize ili anidanganye mara ya pili? Wa kwanza nilimuuliza, shangazi."

"Huyu si yule."

"Wote wametoka duka moja."

Jioni ile alimpigia, sauti laini kama hariri.

"Mpenzi, kesho si ndiyo siku yako ya kuuza laivu? Vaa lile shati jeupe. Nataka watu wakuone vizuri."

"Kwa nini, Rangi?"

"Nakujali tu."

Kesho yake, watu walipojaa kwenye laivu hadi maoni yakawa yanakimbizana, aliomba kuingia. Kijana akamkubalia huku anatabasamu, akidhani amekuja kumsifia. Msichana akakisogeza kidani kwenye simu, akakidondoshea dawa, akabonyeza kwa dole gumba.

"Tazameni alama hiyo. Hii ndiyo kaharabu yake: sandarusi! Na mapenzi yake ni hayohayo. Mkitaka kununua, nunueni."

"Rangi, subiri, hicho—"

Hakusubiri. Akakata, akamfungia simu.

Kisasi kilikuwa kitamu, tusifiche. Alisoma matusi ya watu kama anayetafuna karanga, moja baada ya jingine, mengine akamsomea shangazi kwa sauti. Vito vilirudishwa. Waliokuwa wateja walimwita kijana mwizi wa utomvu. Kila tusi lilimpoza kidogo mahali ambapo ile pete ilimchoma. Shangazi kila usiku alimwekea mpwa wake sahani ya chakula mezani, maana aliona kwamba anacheka sana lakini hali.

Huko kwake, kijana alikaa mezani na vito vilivyorudishwa, haelewi. Jiwe la kile kidani alilichimba mwenyewe, kwenye mwamba, baba yake akiwa bado hai, amesimama pembeni. Kisha macho yakamwangukia kile kichupa cha rangi ya maji. Akakishika. Akaelewa. Na hapo hasira ikamwingia naye, hasira ya mtu mpole, ambayo ikichelewa kuwaka huchelewa na kuzimika.

Akampigia shangazi. "Shikamoo, shangazi. Mwambie aje kesho mchana, na kidani chake na dawa yake. Laivu itakuwa wazi. Kama mimi mwizi, amalizie kazi."

Kichupa kilikuwa na karatasi yenye jina la saluni. Alipanga kila neno: atakiinua mbele ya watu walewale, ataje jina la msichana, ataje saluni, acheke. Alilijaribu hilo cheko mbele ya kioo.

Msichana alikuja na shangazi yake, amevaa gauni jeusi na kupaka midomo rangi nyekundu, kama mtu aendaye kwenye mazishi ya adui. Chumba kilikuwa kidogo: meza, taa, bakuli la maji ya chumvi. Kwenye kiti cha shangazi kulikuwa na mto, kwa ajili ya goti lake bovu ambalo Rangi aliwahi kulisimulia kwenye simu. Hata katika hasira, kijana alilikumbuka goti.

"Umekuja kunizika?" akauliza.

"Ulishakufa. Nimekuja kuona umeoza kiasi gani."

Simu ilikuwa imewashwa. Watu walikuwa wamejaa, wamekuja kuona damu.

"Futa kwa dawa yako," kijana akasema.

Akafuta. Pamba ikanata.

"Si nilisema?"

"Futa tena."

Pamba ya pili ilinata kidogo. Ya tatu ikatoka safi.

"Sasa loweka pamba nyingine, iache juu yake."

Wakangoja. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Shangazi akakohoa.

"Bonyeza."

Akabonyeza dole gumba. Jiwe lilikuwa gumu na kavu kama jino. Akabonyeza tena, kwa nguvu, karibu kwa kuliomba. Hakukuwa na alama. Kijana akakitumbukiza kidani kwenye maji ya chumvi. Kikaelea, sisimizi akachungulia dari.

Msichana uso ukamwisha rangi. "Sasa kilichonata ni nini?"

Mkono wa kijana ulikuwa tayari kwenye droo, kichupa kiko kiganjani. Hapo ndipo alipopangia lile cheko. Akamtazama. Aliona kucha zake, kila moja na rangi yake, isipokuwa ile ya dole gumba. Ile ilikuwa tupu, imetafunwa hadi kwenye nyama.

Mkono ukatoka mtupu.

"Nilikipaka rangi juu ili king'ae," akaiambia simu. "Vito vya visukuku havipakwi rangi bila kumwambia anayepewa. Kosa langu. Tumemaliza."

Lakini droo ilibaki wazi, na msichana akaona. Angeweza kunyamaza, kijana alishambebea mzigo. Akatia mkono, akakitoa kichupa, akakiinua kwenye simu, jina la saluni likisomeka.

"Rangi hii ni ya saluni yetu. Nilimpa mimi, nikamwambia apake. Kisha nikamchoma kwa kitu nilichompa kwa mkono wangu. Matusi yenu mlete hapa."

Wakaleta, na kwa haraka. Kijana akazima simu.

"Nilitaka nikulipize," akasema. "Nilifanya mpaka mazoezi ya kucheka."

"Ungelipiza. Nilistahili."

"Bado nina hasira, Rangi."

"Kaa nayo. Nami nitakaa hapahapa karibu nayo."

Na kweli alikaa. Saluni ilikosa wateja kwa muda, na shangazi akasema hiyo ndiyo riba ya kisasi, kisha hakuitaja tena. Kila alipomaliza kazi, msichana alikwenda kukaa pembeni ya kijana kwenye laivu, anapima kila jiwe kwa maji na kwa dawa, anajibu matusi bila kutukana. Wateja wakaanza kurudi mmojammoja. Kijana naye akaanza kumwekea kiti. Baadaye kiti na chai.

Asubuhi moja akaingia saluni, akakaa kwenye meza yake kama mteja, akaweka ngumi juu ya taulo.

"Nisafishe kucha."

"Fungua mkono basi."

Akafungua. Palikuwa na pete nyembamba yenye tone la kaharabu.

Mkono wa msichana ukaenda wenyewe kwenye chupa ya dawa, kwa mazoea. Ukasimama njiani.

"Hii ni ya kweli?" akauliza.

"Ya kweli."

"Haina rangi juu?"

"Haina."

"Na mwenyewe je? Hasira imeisha?"

"Imebaki kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kiasi cha sisimizi."

Msichana akafunga kifuniko cha dawa, akakikaza, akanyoosha kidole.

"Mvishe upesi," shangazi akasema kutoka nyuma, anajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Wateja wanangoja."