Maneno Baada ya Amina

"Fundi, marehemu ameshasema Amina. Mbona kama bado yupo?"

Aliyeninong'oneza ni shemasi wetu. Nilimwambia atulie, huenda ni ombi la mwisho. Laiti ningeizima ile rekodi.

Mimi ni fundi sauti. Mchungaji wetu alipofariki, kanisa lilipasuka kwa kugombania kiti chake. Nusu tulibaki kwenye jengo, nusu wakahamia ukumbi wa shule, mtaa wa pili. Mchumba wangu, mwalimu wa kwaya, alihama na mama yake. Nilipopeleka mahari, mama mtu alinijibu bila kupepesa macho:

"Baba, binti yangu haolewi kanisa likiwa nusu nusu. Siku mtakapokaa benchi moja na sisi, njoo."

Mtaka cha uvunguni sharti ainame, nami niliinama. Nilikuwa na mahubiri ya marehemu, niliyarekodi mwenyewe miaka sita. Kila wiki nikawatumia viongozi wa pande zote mbili hubiri moja la umoja, lisikilizwe Jumapili saa nne, huku na kule. Sharti langu lilikuwa moja: mtu asiguse mashine mpaka inyamaze yenyewe. Watu walilia pande zote, ila hakuna aliyevuka barabara.

Mchumba aliniandikia: "Unajitesa bure." Nikadhani ananionea huruma.

Sasa marehemu alikuwa na tabia ya kusahau kuzima kipaza sauti cha kifuani. Kwa kawaida nakata ule mkia wa rekodi. Wiki hiyo kazi zilinizidi, nikatuma bila kusikiliza mpaka mwisho.

Mlango ulifungwa ndani ya spika. Kiti kikavutwa. Kisha sauti ya kike:

"Mchungaji, naomba utucheleweshe. Mwambie mafundisho ya ndoa hayajaisha."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Simpendi. Nimejaribu, moyo umekataa. Ni mtu mwema mno, nashindwa kumwambia."

"Sasa utamwambia lini?"

"Sijui."

Kanisa zima liliijua sauti ile, ndiyo iliyowafundisha kuimba. Kitufe kilikuwa mbele yangu, sikukibonyeza. Shemasi naye hakugusa kitu. Alikuwa anatii sharti langu.

Simu iliita nikiwa bado nimekaa.

"Umesikia?" Alikuwa yeye.

"Nimesikia."

"Huku nako wamesikia wote. Mama yupo hapa."

"Ungeniambia tu."

"Kila nikijipanga kukuambia, unatuma hubiri jingine. Watu wanalia, wanakuombea. Ningeanzia wapi?"

"Na leo? Hunipendi hata kidogo?"

Alinyamaza. Kazi yangu ni sauti, hata kimya nakijua. Kile hakikuwa kimya cha mtu anayetafuta jibu.

"Nisamehe, fundi," akasema.

Siku zote aliniita mpenzi.

Mchana nilijifungia dukani kwangu na nyaya zangu. Wakagonga mpaka nikafungua. Shemasi alikuwa mbele, nyuma yake wazee wa jengo na wazee wa ukumbi, na mama mtu na khanga yake mdomoni. Dukani kuna benchi moja tu, la wateja.

"Sogea, shemasi, nami nikae," mama akasema.

Shemasi akasogea. Mwaka mzima hawa wawili hawakupeana hata salamu. Wengine nao wakabanana, aliyekosa nafasi akaegemea ukuta.

"Pole, mwanangu," mama akasema. "Hata mimi mzazi wake sikujua. Ningekuwa na binti mwingine..."

"Acha, mama."

Shemasi akakohoa. "Njiani tumekubaliana. Jumapili ijayo tunasali pamoja, jengo moja. Hatukuweza kukuacha ulie peke yako."

Niliwatazama walivyokaa. Nilichokililia mwaka mzima kilikuwa mbele yangu, bega kwa bega, na hakikuwa na faida kwangu tena.

"Sasa Jumapili tusikilize hubiri lipi?" mzee wa ukumbi akauliza.

"Lolote," nikasema. "Ila zimeni kwenye Amina."

Hakuna aliyecheka. Ndipo nikaanza kulia, wote wakinitazama, na sikuwa na nguvu hata ya kugeuza uso.