Chupa Iliyochemka Bila Moto

Kila asubuhi kabla ya shule, Ineza alibeba jerikeni lake la manjano akateremka hadi kwenye pampu ya Rubondo, katika makazi yao ya wakimbizi, na kila asubuhi aliota ndoto akiwa amesimama wima. Wenzake kwenye mstari walipiga soga, wakagombania nafasi, wakarushiana maji. Yeye alilitazama tone likining'inia kwenye mdomo wa bomba, likinenepa, likianguka, na tayari alikuwa amekwenda mbali. Mara nyingi aligongwa kisigino na jerikeni la mtu wa nyuma ndipo akagutuka kwamba zamu yake imefika.

"Ineza, weye iko Mbarara tena?" aliuliza Divine. Huyu alikuwa jirani na rafiki yake, mtoto wa Kikongo kutoka Kivu ya Kusini, na ulimi wake haukujua kuzunguka.

"Niko hapa hapa."

"Macho iko hapa. Kichwa iko fasi ingine."

Divine hakukosea. Likizo iliyopita, mama yake Ineza, Bernardine, anayepeleka maharagwe kuuza Mbarara, alikuwa amemchukua binti yake akamsaidie. Walipofikisha gunia kwa mteja mmoja huko Kamukuzi, mwenye nyumba aliwaonea huruma kwa jua walilotembea. Akamletea Ineza bilauri ya kinywaji cha rangi ya waridi.

"Kunywa, mtoto," alisema yule mama wa Kinyankole kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Hii mimi natengeneza hapa nyumbani. Naweka peremende, naweka hamira, basi."

Ineza alikunywa. Kwanza ikaja ladha ya peremende, kisha mapovu yakapanda yakamtekenya pua mpaka machozi yakamlenga. Ilikuwa kama mtu anamchekesha kwa ndani. Tangu siku hiyo kila maji aliyoyaona, hata ya kuoshea sahani, aliyaona yana rangi ya waridi na mapovu yanapanda.

Ndoto ya kimya haina hasara kwa mtu. Ila Ineza aliitoa mdomoni. Mdogo wake, Régis, alikuwa anajiandaa kupokea komunyo ya kwanza, na jioni moja alipokuwa akinung'unika kwamba viatu vyake ni vya kuazima, dada yake alimwambia, "Usijali. Siku yako nitakutengenezea soda ya peremende. Mapovu yatakutekenya pua." Régis aliacha kunung'unika papo hapo. Kesho yake darasa zima lilikuwa limejua, na watoto wa majirani wakaanza kumwita Ineza Mama Soda.

Sasa angefanyaje? Mama alimletea pakiti ya peremende nyekundu kutoka mjini. Divine akaomba hamira kidogo kwa mama yake, Apolline, ambaye hukaanga maandazi. Kilichobaki ni kujua namna ya kutengeneza, na kwa hilo hakuhitaji kwenda mbali. Bibi yake, Émérance, alikuwa mtengenezaji wa kinywaji cha ndizi huko kwao Burundi, na sifa yake ilivuka vilima kadhaa.

"Hamira ni kiumbe hai," Bibi alimweleza huku akichambua maharagwe. "Ukimpa sukari anakula. Akishakula anapumua, na yale mapovu ndiyo pumzi yake. Kwa hiyo siku mbili tu, na kila siku umfungulie kifuniko kidogo, la sivyo chupa itapasuka. Ukimzidishia siku atakugeuzia pombe, na mimi sitaki padri asikie nyumba hii inalewesha wanakomunyo."

Ineza alicheka. Bibi hakucheka.

"Na maji uyachemshe yote. Yakishachemka uyaache yapoe, ndipo umtie hamira. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Alisikia, ndiyo. Lakini kichwa kilikuwa kimeshafika Jumapili ya komunyo, kinagawa soda.

Ijumaa, siku ya kuanza kazi, pampu iliharibika. Fundi alikuwa amelaza vyuma vyake chini, na mstari wa majerikeni ulipinda hadi karibu na kanisa. Ineza alisubiri, akasubiri, jua likaanza kuinama. Asipoanza leo, Jumapili hakutakuwa na mapovu. Akalitwaa jerikeni lake akashuka bondeni, kwenye kidimbwi wanakonywea ng'ombe, Divine akimfuata nyuma. Alichota pale palipoonekana safi, akayachuja kwa kitambaa.

"Maji ya fasi hii ndiyo ilimugonjesha Joël," alisema Divine. Joël ni mdogo wake. Wakati wa masika alikuwa ameharisha mpaka macho yakaingia ndani, na mama yao alimbeba hadi zahanati akiwa amelegea kama nguo iliyolowa.

"Nitayachemsha," alijibu Ineza, na kwa kweli alikuwa na nia hiyo.

Nyumbani hakumkuta Bibi. Alikuwa amekwenda na wanawake wenzake kusafisha kanisa. Kuni nazo zilikuwa vijiti tu, za kutosha sufuria ndogo. Ineza aliyeyusha peremende katika maji ya sufuria hiyo ndogo, na jikoni pakajaa harufu tamu hata akafumba macho. Alipoyafumbua, moto ulikuwa umezimika. Alilitazama jerikeni, akazitazama kuni ambazo hazikuwepo, kisha akachukua maji yaliyobaki, mabichi, akayamimina kwenye chupa kubwa pamoja na ule mchanganyiko wa peremende. Akatia hamira. Akafunga.

Jumamosi asubuhi aliikuta chupa ukutani, juani, ikiwa hai. Vipovu vidogo vilitoka chini, vikapanda vikifuatana, vikapasuka juu. Aliketi mbele yake na kuitazama mpaka uji wake ukapoa. Hapo ndipo wazo lilipomjia, na lilikuja limevaa vizuri. Mwalimu si huwa anasema maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatoe mapovu? Haya hapa mapovu.

"Imejichemsha yenyewe," alimwambia Divine.

Divine aliinama akaichungulia chupa. "Bila moto?"

"Bila moto. Si unaona mwenyewe?"

Divine aliigonga chupa kwa ukucha. Alikuwa na shaka, lakini soda ilikuwa inapendeza mno. Msomaji asimcheke haraka huyu Ineza. Mtu akitaka sana kuamini jambo, hakosi sababu ya kuliamini.

Bibi alipoiona chupa aliisifu rangi yake. Kisha akauliza, "Maji uliyachemsha?"

"Yamechemka, Bibi," alijibu Ineza, akiangalia vidole vya miguu yake. Bibi, ambaye hakuwa na sababu ya kumshuku, aliizamisha chupa ndani ya mtungi ili ipoe vizuri kwa ajili ya kesho.

Jumapili ilipendeza. Régis alirudi kutoka misani na shati jeupe na viatu vya kuazima, akitembea polepole kama mtu aliyebeba mayai. Wageni walikula wali, maharagwe na ndizi. Kisha watoto wakasogea mbele bila kuitwa. Mama Bernardine aliitoa chupa mtungini, akampa binti yake mbele ya watu wote.

Sasa kuna desturi moja ambayo familia hii ilitoka nayo Burundi. Aliyeandaa kinywaji ndiye anayekionja kwanza, wageni wakimtazama. Huvuta kwa mrija, humeza, ndipo wengine hupewa. Hakuna anayekumbushwa jambo hilo, na hakuna mgeni anayenyoosha mkono kabla yake. Bibi alikuwa tayari na mrija wa tete.

Ineza alifungua kifuniko. Chupa ikapumua kwa nguvu, na watoto wakashusha pumzi pamoja nayo. Joël alikuwa mbele kabisa, ameshika kikombe cha plastiki kwa mikono yote miwili. Alikuwa bado mwembamba tangu ule ugonjwa.

Ineza aliinamia mrija. Chupa ilikuwa baridi mikononi mwake, baridi ya mtungi, matone yakimteleza vidoleni. Akaikumbuka Ijumaa. Alipoyamimina yale maji ya bondeni yalikuwa baridi vivi hivi. Hayakupata moto jana, wala juzi, wala hata dakika moja. Kitu kilichochemka huunguza, na yeye alilijua hilo tangu alipokuwa wa kimo cha Joël. Angeweza kufumba macho akanywa. Tumbo ni lake. Lakini baada yake kulikuwa na kile kikombe cha plastiki.

Aliondoa mdomo kwenye mrija.

"Msinywe," alisema.

Mama akadhani ana haya. "Onja, binti yangu, wageni wanasubiri."

"Maji ni ya bondeni, Mama. Sikuyachemsha. Bibi aliniuliza nikamdanganya."

Apolline alimvuta Joël kwake, kikombe na vyote. Mama Bernardine alisimama, uso umemwiva. "Ungewanywesha watoto wa watu maji ya ng'ombe?" Régis aliinamia viatu vyake vya kuazima. Midomo ilimtetemeka, na hilo lilimuuma Ineza kuliko yote. Aliona aibu, akaona huzuni, akalia wazi mbele ya watu aliotaka wamsifu.

Bibi alimshika mkono wakaenda nyuma ya nyumba. Pale penye migomba alimwachia amwage mwenyewe. Povu la waridi lilikaa juu ya udongo kwa muda, likapasuka kidogo kidogo, likaisha.

"Nina hasira nawe," alisema Bibi.

"Najua, Bibi."

"Itaisha. Nilikuwa nimesimama karibu nawe pale. Ulikuwa unataka kunywa."

"Nilitaka. Kisha nikamwona Joël."

Bibi alijifunga kitenge chake vizuri. "Kanisani Pasaka huadhimishwa siku nane," alisema mwishowe. "Sioni kwa nini komunyo ya Régis iishe leo."

Wageni walikunywa chai siku hiyo, wakaaga, wakaambiwa warudi Jumapili ijayo. Wengine walicheka, lakini waliahidi.

Wiki hiyo Ineza aliokota kuni kila alipotoka shule. Pampu ilikuwa imetengenezwa. Akapanga mstari, akachota. Ijumaa akayachemsha maji yote, sufuria baada ya sufuria, moshi ukimtoa machozi, kisha akakaa kando yakipoa. Aliota, kwa nini asiote? Ila safari hii ndoto yake ilikaa pale pale jikoni, ikachochea moto.

Jumapili walirudi karibu wote. Régis alivaa shati lake jeupe kwa mara ya pili. Chupa ilipofunguliwa ikapumua, na Ineza akainamia mrija bila kusita, akavuta, akameza. Mapovu yakamtekenya pua. Aliinua uso na kumpa Régis, naye akanywa, akapiga chafya, akacheka mpaka akajimwagia shati.

Joël alikunywa taratibu. "Inaniseka mu pua," alisema akicheka na kujikuna pua, akaomba tena.

Bibi Émérance alingoja kila kikombe kitulie. "Mjukuu wangu," alisema, na kila mtu alisikia, "kuota si kosa. Mimi pia nimeota sana maishani. Lakini ukiwapikia watu au ukiwatengenezea kinywaji, afya yao iko mikononi mwako, na chupa nzuri haiwezi kukusafishia maji uliyoona uvivu kuyachemsha. Ndiyo maana tunaonja kwanza. Si kwa ajili ya ladha. Ni ili mtu ajiulize mbele ya wenzake kama amefanya kazi yake sawasawa. Wiki iliyopita ulijiuliza, ukasema ukweli ukiwa na aibu. Kwa hilo, mimi leo nimekunywa bila kukuuliza habari ya maji."

Kisha akainua kikombe chake, akakimaliza.

Jumatatu asubuhi Ineza alikuwa tena kwenye mstari wa pampu, akilitazama tone likinenepa. Divine alimgonga kisigino kwa jerikeni.

"Kichwa iko fasi gani leo?"

"Jikoni," alisema Ineza. "Maji hayajachemka bado."